Jinsi na Jinsia: Maswali Mawili kwa Kila Mgonjwa

Katika kila zahanati ya Kanda ya Kati, kuanzia Kongwa hadi Manyoni, mgonjwa anapoandikishwa huulizwa jina, umri na kijiji anakotoka, kisha huandikwa mojawapo ya alama mbili: Me au Ke. Katika baadhi ya fomu safu hiyo huitwa jinsi, katika nyingine huitwa jinsia, na wengi wanaozijaza huyachukulia maneno hayo kuwa neno moja lenye tahajia mbili. Wapo hata wanaolipendelea la pili kwa sababu tu linasikika kuwa na staha zaidi. Mazoea hayo yanaonekana madogo, lakini madhara yake ni makubwa. Maneno hayo yanataja mambo mawili tofauti, na mhudumu wa afya anayeyachanganya hukosa nusu ya habari za mgonjwa aliyeketi mbele yake.

Jinsi ni hali ya kimaumbile. Hutokana na kromosomu, tezi za uzazi, homoni na viungo ambavyo mtu huzaliwa navyo, na kwa sehemu kubwa haibadiliki kutoka kabila moja hadi jingine wala kutoka karne moja hadi nyingine. Jinsia ni mgawanyo wa kazi, haki, mamlaka, mavazi na matarajio ambao jamii huujenga juu ya maumbile hayo. Mgawanyo huo hutofautiana kati ya jamii na jamii, na hubadilika kadiri maisha yanavyobadilika. Kubeba mimba ni jambo la jinsi. Kubeba ndoo ya maji ni jambo la jinsia. Kunyonyesha ni jinsi. Kuamka usiku kumwangalia mtoto anayeumwa ni jinsia, kwa kuwa hakuna kiungo chochote katika mwili wa baba kinachomzuia kuamka.

Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili kwa mambo haya mawili, na matumizi rasmi yamekwishayatenganisha. Tanzania ilitunga Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia mwaka 2000, na neno jinsia katika jina la sera hiyo halihusu kromosomu. Lugha yenyewe haimlazimishi mtu kumbagua mwanamke na mwanamume katika kila sentensi: "yeye" ni mmoja, na barua ya rufaa inaweza kueleza ugonjwa wa mtu kwa kurasa mbili bila msomaji kujua kama aliyeandikiwa ni bibi au ni babu. Kwa hiyo tofauti hizi huingia katika huduma pale tu mhudumu anapoamua kuziuliza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba anapaswa kuziuliza zote mbili, kila moja kwa nafasi yake, na kwamba Kanda ya Kati ina ushahidi wake yenyewe wa kuonyesha gharama ya kutofanya hivyo.

Ugonjwa wa macho usiotokana na macho

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Kongwa. Wilaya hiyo hukumbukwa katika vitabu vya historia kwa mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ukiwa umeshindwa kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa uchache wa mvua. Katika sayansi ya tiba, Kongwa hukumbukwa kwa jambo jingine: trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Profesa Sheila West, wamekuwa wakiuchunguza ugonjwa huo katika vijiji vya wilaya hiyo.

Trakoma husababishwa na bakteria aina ya klamidia, ambao huhama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo za kufutia uso na kwa nzi wanaotua kwenye uchafu wa macho na pua. Watoto wadogo ndio ghala la maambukizi. Anayeambukizwa mara moja hupona bila athari kubwa. Anayeambukizwa mara kwa mara kwa miaka mingi hupata makovu upande wa ndani wa kope. Makovu hayo huivuta kope hadi nywele zake zikageukia ndani, na kila mtu huyo anapopepesa macho, nywele hizo huikwaruza mboni hadi ikatiwa ukungu na hatimaye kupoteza nuru.

Jicho la mwanamke na jicho la mwanamume ni jicho moja. Hata hivyo wanawake ndio wanaopofuka zaidi kwa trakoma. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliojumuisha tafiti za nchi mbalimbali, ulikadiria kuwa uwezekano wa mwanamke kupata kope zilizogeuka ndani ni takribani mara 1.8 ya ule wa mwanamume. Mtu anayesoma safu ya Me na Ke pekee anaweza kudhani kuwa homoni za kike hudhoofisha jicho. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1993 ulielekeza kwingine. Uliwachunguza wanawake wenyewe kwa wenyewe, ukaonyesha kuwa hatari ya maambukizi iliongezeka kwa wale waliokuwa wakiishi na kuwalea watoto wadogo, hasa watoto wenye ugonjwa. Wote walikuwa wanawake, wote walikuwa na jinsi moja. Kilichowatofautisha ni malezi. Anayemfuta mtoto uso, anayelala naye, anayembeba mgongoni na kumtuliza anapolia, huyo ndiye anayerudishiwa maambukizi tena na tena, kwanza kama dada mkubwa, kisha kama mama, na mwisho kama bibi. Kwa hiyo upofu wa bibi mwenye miaka 60 huwa ni jumla ya kazi aliyopewa tangu akiwa na miaka saba.

Somo la pili la Kongwa linahusu maji. Kinga ya trakoma ni pamoja na uso safi wa mtoto, na jaribio lililofanyika katika vijiji sita vya Kongwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, lilionyesha kuwa watoto ambao nyuso zao zilidumishwa katika hali ya usafi baada ya tiba walipungukiwa na trakoma kali. Lakini katika uwanda unaopata msimu mmoja wa mvua, maji ya kuoshea uso wa mtoto yana bei: ni saa za kutembea, ni mgongo wa mtu, na ni kazi nyingine iliyoachwa. Tafiti za kijamii zilizofanyika miongoni mwa Wagogo katika miaka hiyo hiyo ziliuliza swali ambalo darubini haiwezi kulijibu: katika kaya, nani huamua maji yatumike kwa kazi gani, na mama anahitaji ridhaa ya nani ili abadili mpangilio wa siku yake? Ikadhihirika kwamba kumfundisha mama peke yake hakutoshi. Mume, wazee na majirani walipaswa kuelewa kwamba kuosha uso wa mtoto hakumalizi maji ya nyumba, kwa kuwa lita moja hutosha nyuso za watoto wengi, na kwamba muda unaotumika hapo si muda wa uvivu.

Mpango wa kimataifa wa kupambana na trakoma una nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa ya azithromaisini, usafi wa uso na uboreshaji wa mazingira. Nguzo mbili za kwanza zinaweza kununuliwa na kuletwa kwa gari. Mbili za mwisho hupita katika mikono ya wanawake na katika maamuzi ya wanaume. Hata upasuaji, ambao ni mfupi na hufanyika bila malipo katika kambi nyingi, huachwa na wanawake wengi kwa sababu zisizo za kitabibu: nani atapika, nani atakaa na wajukuu, nani atatoa nauli. Mhudumu anayeandika kwamba mgonjwa "alikataa upasuaji" bila kuuliza maswali hayo ameandika nusu ya ukweli.

Je, haya ni mambo ya kigeni?

Husemwa mara nyingi, katika semina na hata katika korido za hospitali, kwamba habari za jinsia zimeletwa na wafadhili na kwamba mila za Kiafrika hazikuzijua. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa wanaoitoa huwa wanatetea jambo la thamani, nalo ni heshima ya mila. Lakini mila za Ugogo zenyewe haziiungi mkono.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki upigaji wa ngoma ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Ugogoni, muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio wapigaji, nao huibana ngoma katikati ya miguu na kuipiga kwa nguvu na ustadi unaowashangaza wageni. Ikiwa mkono wa kike ungekuwa umeumbwa usiweze ngoma, muheme usingekuwapo. Palipokuwa na tofauti kati ya Wagogo na wengine, ilikuwa katika makubaliano ya jamii.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi na kufanya utafiti Ugogoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kuhusu matambiko ya utakaso yaliyofanyika nchi ilipopatwa na balaa, kama vile maradhi ya mifugo. Katika matambiko hayo wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakatoka kuchunga ng'ombe, kazi ambayo kwa kawaida haikuwa yao, ili balaa ligeuzwe na kufukuzwa. Wazee waliolisimamia jambo hilo hawakudhani kwamba wanawake wamegeuka miili. Walijua kwamba mavazi, silaha na uchungaji ni wajibu ambao jamii imeuweka, na kwamba jamii hiyo hiyo inaweza kuugeuza kwa muda kwa ajili ya afya ya nchi. Huo ni utambuzi wa tofauti kati ya jinsi na jinsia, na haukutoka katika semina yoyote.

Lawalawa: pale jamii inapojibu swali la mwili

Kuchanganya mambo haya mawili kumewaumiza wasichana wa Dodoma na Singida kwa njia ya pekee. Lawalawa ni jina la kienyeji la maradhi yenye dalili za muwasho, kutokwa na uchafu sehemu za siri na maumivu wakati wa kukojoa. Kitabibu, dalili hizo ni za maambukizi ya njia ya mkojo au ya uke, ya bakteria au ya fangasi, na huchochewa na uhaba wa maji ya kuogea. Hutibiwa kwa dawa inayolingana na kisababishi chake, pamoja na usafi. Lakini katika miongo iliyopita ilienea imani kwamba dawa ya lawalawa ni kumkeketa msichana. Ugonjwa wa mwili ukapewa jibu la desturi, na desturi ikavaa joho la tiba.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili unapoonekana. Desturi inayodai kumfunda msichana inaweza kujadiliwa na wazee na kubadilishwa, kama ambavyo baadhi ya jamii zimebuni unyago usio na ukeketaji. Desturi inayodai kuwa tiba humshika mzazi mahali penye udhaifu zaidi: mtoto wake analia, na jirani anamwambia dawa ipo. Mzazi huyo hamchukii mtoto wake. Anampeleka kwa ngariba kwa nia ile ile ambayo ingempeleka zahanati, na asipopata maelezo yaliyo wazi zahanati, ngariba hushinda.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa lenye kifungo cha miaka mitano hadi 15. Takwimu zinaonyesha mabadiliko. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18. Ni hatua ya kutia moyo, ingawa tahadhari inahitajika, kwa kuwa jambo lililoharamishwa si kila mtu atalikiri mbele ya mdodosaji. Tena sheria peke yake huweza kulihamisha tendo badala ya kulikomesha: ule utafiti wa kwanza ulionyesha kuwa, nchini kote, zaidi ya theluthi moja ya wanawake waliokeketwa walifanyiwa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mtoto mchanga hawezi kusimulia, na kwake hakuna sherehe ya kuwashtua majirani. Kilichobaki ni siri, na mara nyingi siri hiyo huitwa tiba.

Kwa hiyo anayesimama katika nafasi bora ya kuivunja ni mhudumu wa kliniki ya watoto. Mama anapolalamika kwamba bintiye ana lawalawa, asikemewe kwa kulitaja jina hilo, kwa kuwa akikemewa hatarudi. Apimiwe mtoto mkojo, apewe dawa, aonyeshwe namna ya kumsafisha, na aambiwe kwa maneno mepesi kwamba wavulana nao hupata maambukizi ya njia ya mkojo na hutibiwa kwa dawa hizo hizo. Dawa ikifanya kazi, hoja ya ngariba imekwisha.

Mwili nao una haki yake

Ingekuwa kosa jingine kudhani kwamba, kwa kuwa jinsia ina nguvu, jinsi haina maana. Wapo wanaoona kila tofauti kati ya mwanamke na mwanamume kuwa ni dhuluma ya jamii. Kliniki haiwezi kufanya kazi kwa imani hiyo. Shirika la Afya Duniani huhesabu mwanamume mzima kuwa na upungufu wa damu anapokuwa na hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, na mjamzito chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho ya mimba. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kipimo cha kuanzia cha dawa ya usingizi ya zolpidemu kipunguzwe kwa nusu kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa dawa hiyo polepole zaidi. Dawa hiyo ilikuwa imekwisha kuuzwa huko kwa miaka 20 hivi. Waliodharau jinsi katika suala hilo waliwafanya wanawake waendeshe magari asubuhi wakiwa bado na dawa katika damu.

Kuna nyakati mwili hutumiwa kuwa kisingizio cha kumnyima mtu sauti. Mwaka 2018 utafiti kutoka Botswana ulitoa ishara ya awali kwamba dawa ya VVU ya dolutegraviri, iliyo bora kuliko zilizotangulia, ingeweza kuongeza hitilafu ya mfereji wa neva kwa watoto ambao mama zao walianza kuitumia kabla ya mimba. Tahadhari hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa inahusu jinsi. Lakini katika nchi kadhaa ilitafsiriwa kuwa wanawake wote wenye umri wa kuzaa wabaki na dawa za zamani, wakiwemo waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango na wasiotarajia kuzaa tena. Julai 2018 wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali, wakadai wapewe maelezo na haki ya kuchagua wenyewe. Takwimu zaidi zilipopatikana, hatari ilionekana kuwa ndogo mno kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa hiyo kwa wote. Swali la mwili lilikuwa halali. Aliyepaswa kulijibu ni mwenye mwili akishauriana na tabibu wake.

Na wapo wachache ambao safu ya Me na Ke haiwatoshi hata kwa upande wa maumbile: watoto wanaozaliwa na viungo vya uzazi visivyo bainifu, ambao Kiswahili cha zamani kiliwaita huntha na cha leo huwaita watu wenye jinsi tata. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524. Mtoto kama huyo anapozaliwa kijijini, jamii hudai jibu upesi ili ajue ataitwa nani. Wajibu wa mkunga ni kupunguza haraka ya jamii na kuongeza haraka ya tiba: baadhi ya watoto hao wana hitilafu ya tezi za adrenali, inayoweza kuwapotezea chumvi na maji na kuwaua katika majuma ya mwanzo. Wapewe rufaa mapema, na familia yao itunziwe siri na heshima. Jina na mavazi vinaweza kusubiri.

Wanaume, wagonjwa wasioonekana

Anayedhani kuwa jinsia ni jina jingine la wanawake awaangalie wanaume wa Kanda ya Kati. Duniani kote wanaume huugua kifua kikuu kuliko wanawake. Mtu anaweza kutafuta sababu katika homoni, na huenda sehemu yake imo humo. Lakini sehemu kubwa iko katika maisha: wavutaji wa sigara wengi ni wanaume, wanaoshinda vilabuni wengi ni wanaume, na katika machimbo madogo ya dhahabu ya Singida wengi wanaoshuka shimoni na kuvuta vumbi la mawe ni wanaume pia. Tena wamelelewa kuambiwa kwamba mwanamume halii na kwamba kikohozi ni kitu cha kujikaza.

Mfumo wa afya nao umewajengea ukuta. Mwanamke anapopata mimba hufika kliniki, na hapo hupimwa VVU, kaswende, shinikizo la damu na wingi wa damu. Mwanamume hana mlango wa namna hiyo. Anaweza kuishi kutoka miaka 20 hadi 50 bila kupimwa chochote. Ndiyo maana kampeni ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa jijini Dodoma mwaka 2018, iliwalenga hasa wanaume katika upimaji wa VVU. Vituo ambavyo vimebadili kibao kutoka kliniki ya mama na mtoto kuwa kliniki ya baba, mama na mtoto vimefanya jambo jema, mradi ndani ya kibao hicho kuwe na benchi ambalo baba ataketi na swali ambalo ataulizwa. Mwanamume anayemsindikiza mkewe na kuachwa nje ya mlango amefundishwa kwamba afya si yake.

Uzazi wenyewe ndio mahali ambapo jinsi na jinsia hukutana kwa namna isiyoepukika. Vifo vitokanavyo na uzazi nchini vimekadiriwa kushuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016, mpaka 104 katika ule wa mwaka 2022. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni jambo la jinsi, na hakuna mwanamume atakayekufa kwalo. Lakini saa alizokaa nyumbani mama huyo akisubiri mume arudi kutoka mnadani ili atoe ruhusa na nauli, hizo ni za jinsia. Dawa ya kuzuia damu huokoa maisha ya aliyefika. Asiyefika huokolewa na makubaliano yaliyofanywa nyumbani miezi mitatu kabla.

Yanayoweza kufanyika kesho asubuhi

Hakuna jambo linalopendekezwa hapa linalohitaji mashine mpya. Safu ya usajili iitwe jinsi, ijazwe kwa usahihi, na itumike kwa kazi yake: vipimo, dozi, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake na wa tezi dume kwa wanaume. Kisha mhudumu, anapochukua maelezo ya ugonjwa, aongeze maswali machache ya jinsia, nayo hayachukui dakika mbili. Nani huteka maji nyumbani, na ni mbali kiasi gani? Nani hulala na watoto wadogo? Nani hushika fedha za nauli na dawa? Nani anapaswa kukubali kabla hujalazwa au hujapasuliwa? Kazi yako inakupitisha wapi kila siku? Majibu yake yaandikwe, kwa kuwa ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa kama yalivyo matokeo ya maabara.

Vyuo vya afya navyo vina wajibu. Mwanafunzi anayehitimu akijua kutofautisha hatua za trakoma kwa kupindua kope, lakini asijue kuuliza kwa nini bibi huyu amechelewa miaka mitano kufika, amefundishwa jicho na hakufundishwa mgonjwa. Mfano wa Kongwa uko mlangoni pa vyuo vya Dodoma. Ufundishwe kama sehemu ya tiba, na usiachiwe wiki moja ya mada mtambuka mwishoni mwa muhula.

Wagonjwa na jamaa zao nao wana lao. Mama mwenye haki ya kujua hemoglobini yake ana haki vilevile ya kusema, bila kuona haya, kwamba hawezi kurudi Ijumaa kwa sababu hana wa kumwachia watoto. Tabibu aliyesikia hilo anaweza kupanga siku nyingine, na asiyeambiwa atamwandika kuwa mtoro. Baba anayekohoa kwa wiki mbili apime makohozi, na ajue kuwa kujikaza hakujawahi kumponya mtu kifua kikuu. Na kaya inayotaka kuwanusuru bibi na upofu inaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: yeyote aliye karibu na mtoto mwenye uso mchafu, awe kaka, baba au babu, achote maji kidogo na kumwosha. Mikono ya kuoshea mtoto uso wanayo wote.